Kichwa cha barua ya kuomba feza

Katika kurasa za gazeti letu tumekwisha kuhukumu maandiko ya namna nyingi: nyimbo za kanisani, michezo ya sikukuu, mahubiri yaliyopigwa chapa, hata mashairi ya wafratri wa mwaka wa kwanza, ambayo pengine ingalifaa kuyaacha yalale. Lakini kuna maandiko ambayo hakuna mutu anayeyahesabu kuwa maandiko, wala hakuna anayeyahukumu, ijapokuwa ndiyo tunayoandika kupita mengine yote. Ni barua ya kuomba feza. Padri anayetoka seminari leo labda hataandika kitabu hata kimoja katika maisha yake. Lakini kabla ya miaka mitatu kupita atakuwa amekwisha kuandika mipango mitano ao sita ya kuomba musaada: bati za kanisa, kisima, kinga za walimu wa dini, mashini ya kusaga bunga, vitanda vya dispansere. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa na kazi ya kusoma barua za namna hii katika biro ya jimbo, kabla hazijatumwa ngambo. Nimesoma nzuri, nimesoma mbaya. Na zile zilizo nzuri ndani lakini mbaya juu ndizo zilizonisumbua kuliko zote.

Leo basi nataka kuhukumu mustari mumoja tu, ule wa juu kabisa, tunaouita kichwa. Wengi wanauandika mwisho, saa nne ya usiku, wakati mafuta ya taa yanakwisha na motokari ya kupeleka barua inaondoka asubui. Wanachukua kichwa cha mupango wa mwaka jana, wanageuza jina la parokia, wanalala. Ninawaelewa, hata mimi nimefanya hivyo. Lakini tutazame kwanza namna watu wakubwa kuliko sisi walivyofanya kazi hii, maana hata wao hawakufaulu mara ya kwanza.

Mwaka 1864 Daniele Comboni alikuwa padri wa miaka 33, wa chuo cha Padri Mazza kule Verona. Alikuwa amekwisha kufika kando ya muto Nili Mweupe mwaka 1858, akaona wenzake wakifa kwa homa, mumoja kisha mwingine, naye mwenyewe akarudi Ulaya mwaka 1859 akiwa mugonjwa. Wengi walizani kwamba kazi ile imekwisha. Mwezi wa tisa 1864, alipokuwa Roma katika siku za kutangazwa kwa Margareta Maria Alacoque kuwa Mwenye Heri, alipata shauri jipya, akaliandika, na tarehe 18 akaliweka mbele ya Kardinali Barnabò wa Propaganda. Shauri lenyewe lilikuwa hivi: kujenga vyuo pembeni ya Afrika, fasi ambapo Muzungu anaweza kuishi pasipo kufa na Mwafrika anaweza kusoma pasipo kugeuzwa kuwa mugeni kwao, kufundisha mule wavulana na wasichana, kisha wao wenyewe waingie katikati ya bara, wakiwa walimu wa dini, mafundi, watawa, mapadri. Akiwa na karatasi hiyo mukononi alibisha hodi Lyon, Paris, Köln, popote palipokuwa na shirika lenye kusaidia misioni. Tuseme wazi: ilikuwa barua ya kuomba musaada, hata kama aliyeiandika alitangazwa mutakatifu tarehe 5 mwezi wa kumi 2003.

Sasa kichwa chake. Cha kwanza kilikuwa kirefu sana. Kwa Kiswahili kingekuwa karibu hivi: Muhtasari wa shauri jipya la Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria kwa ajili ya uongofu wa Afrika, lililowekwa mbele ya Propaganda. Hesabu, ndugu musomaji, ni maneno mangapi unayoruka kabla ya kufika Afrika. Unakutana kwanza na karatasi yenyewe, maana ni muhtasari. Kisha unakutana na shauri. Kisha na Shirika, ambalo jina lake halikudumu: chuo alichoanzisha Verona mwaka 1867 kilipewa jina lingine. Afrika inakuja nyuma, kama mutoto anayefuata mizigo ya wazazi wake. Kosa hili ni la kila mutu anayeomba: anaanza na nafsi yake na karatasi yake, kana kwamba musomaji ameamuka asubui akiuliza habari zao.

Lakini Comboni hakuacha kurudia maandiko yake. Toleo la nne, lililopigwa chapa Verona mwaka 1871, linasema kwa kifupi: Mupango wa kuzaliwa upya kwa Afrika, na chini yake jina na cheo cha mwenye kuandika. Shirika limetoka. Muhtasari umetoka. Neno mupango limebaki, nalo ni neno zuri, kwa sababu linamuambia mwenye kutoa kwamba hapa kuna kazi yenye mwanzo, njia na mwisho. Si machozi tu. Kati ya kichwa cha kwanza na hiki kuna miaka saba ya kubisha hodi, na mimi ninaamini kwamba milango iliyofungwa mbele yake ndiyo iliyomufundisha kukata maneno.

Je, ni kichwa kizuri kabisa? Hapa nitasema wazo langu, na anayetaka anikatalie katika toleo lijalo. Kuzaliwa upya ni neno la Mutume Paulo katika barua yake kwa Tito, sura ya tatu, anapozungumuza ubatizo. Kwa padri, neno hilo linanukia maji na mafuta ya krisma. Lakini katika Ulaya ya karne ya 19 neno hilo hilo lilipendwa pia na watu wa siasa, na katika vinywa vyao lilikuwa na maana nyingine: kile kinachopaswa kuzaliwa upya ni kitu kilichooza. Hivi kichwa cha Comboni kilifungua mifuko kwa sababu wasomaji wa Lyon na Köln walikisikia kwa masikio mawili, sikio la ubatizo na sikio la huruma juu ya bara lililolala kama maiti. Sikio hili la pili linatuumiza sisi hata leo. Na jambo la kushangaza ni hili: ndani ya Mupango mule mule kuna wazo lenye kuponya kidonda hicho, kwamba Afrika itainuliwa na Afrika yenyewe. Ndilo jambo lililokuwa jipya. Ndilo lililotenganisha shauri lake na mashauri ya watu wengine waliosikitikia Afrika. Nalo halikuwekwa juu, liliachwa ndani.

Watu wamelitoa. Ukiuliza leo mukristu anayejua habari za Comboni, hatakuambia kichwa cha mwaka 1864 wala cha mwaka 1871. Atakuambia: Kuokoa Afrika kwa Afrika. Waamini wamemuandikia kichwa kipya kwa vinywa vyao, na ni kizuri kuliko vyote viwili, kwa sababu kinasema nani atafanya kazi.

Tuvuke sasa kwa mutu mwingine, ambaye barua yake ilifika kwetu zaidi, kando ya Tanganyika. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 1878 Musenyeri Lavigerie, Askofu Mukuu wa Alger, alimuandikia Kardinali Franchi wa Propaganda. Kichwa kilikuwa karibu hivi: Maandiko ya siri juu ya Shirika la Afrika la Mataifa yote kule Bruxelles na juu ya kuhubiriwa kwa Injili katika Afrika ya katikati. Hapa tunaona mukono wa fundi. Hakuanza na Mababa Weupe wake, hakuanza na mahitaji yao. Alianza na kitu ambacho musomaji wa Roma alikwisha kukisikia na ambacho kilimuhangaisha: lile shirika alilolianzisha Leopold II katika mukutano wa Bruxelles mwaka 1876. Ni kama kumuambia Kardinali: wengine wamekwisha kufunga mizigo yao, na sisi tunakaa. Kisha na moja tu, halafu Injili. Kichwa chote kinasimama juu ya neno hilo dogo na. Shirika la Bruxelles upande huu, Injili upande ule, na musomaji katikati anaona mwenyewe kwamba hana wakati wa kupoteza. Papa Pius IX alikufa mwezi wa pili. Leo XIII alichaguliwa tarehe 20. Tarehe 24 Roma ilikubali. Ni barua chache za kuomba zilizopata jibu kwa siku 53.

Na historia ikaongeza mapambo yake. Mpala, fasi wanayoijua wasomaji wetu wengi, ilijengwa mwaka 1883 na watu wa shirika lile lile la Bruxelles lililotajwa katika kichwa, na mwaka 1885 ikawekwa mukononi mwa Mababa Weupe. Pande mbili za neno na zilikutana fasi moja.

Lakini tazama neno la kwanza: ya siri. Kwa Kardinali Franchi neno hilo lilikuwa heshima. Kwa watu wa Marungu na Ubwari, ambao mambo yao ndiyo yaliandikwa mule, lilikuwa mulango uliofungwa. Siwezi kumulaumu Lavigerie. Wakati ule, na wafalme wote wa Ulaya wakisikiliza, angefanya nini? Nasema tu kwamba kichwa chake, chenye nguvu nyingi sana, kilikuwa na musomaji mumoja. Hakikuweza kusomwa mbele ya watu. Na sisi, tusio na wafalme wa kuwaogopa, tumerisi desturi hiyo ya siri pasipo kuwa na sababu yake. Vichwa vyetu navyo vimeandikwa kwa musomaji mumoja wa ngambo, katika maneno ambayo kapela yetu haiwezi kuyasikia.

Tuseme kidogo namna kichwa kinavyosafiri, maana wafratri wengi hawajui. Wewe unazani kwamba barua yako itasomwa yote, tangu salamu hata sahihi. Mutu mumoja ataisoma yote, ni kweli, yule anayehusika na inchi zetu. Lakini kichwa kinasafiri mbali kuliko barua, tena kinasafiri peke yake. Karani anakiandika katika kitabu pamoja na namba. Wakubwa wanaokutana ili kukubali ao kukataa, mara nyingi wanayo mbele yao orodha tu: inchi, jimbo, kichwa, hesabu ya feza. Wakikubali, mutunza feza anakiandika juu ya karatasi ya malipo. Kinafika kwetu, kinaingia katika daftari la jimbo. Kisha mwaka mumoja kinapaswa kurudi juu ya ripoti, na mwenye kukagua anaweka kichwa upande huu na risiti za duka upande ule, anatazama kama vinasemezana. Mwisho kabisa, kama kazi ilifaulu, kinaandikwa kwa rangi juu ya ukuta. Katika safari hiyo yote wewe hauko pale kukieleza. Kwa hiyo kichwa kinachohitaji kuelezwa kimekwisha kufa njiani, na kile kinachoweka jambo lake mwisho kinakatwa, kwa sababu nafasi katika daftari ni fupi. Roma yenyewe inatufundisha hapa, pasipo kutaka: barua za Mapapa zinaitwa kwa maneno yao ya kwanza. Maneno mawili, Fidei donum, ya barua ya Pius XII ya mwaka 1957, yamekuwa jina la mapadri wenyewe wanaotumwa kusaidia majimbo ya mbali. Nani anakumbuka mustari wa tatu?

Jeanne Bigard naye alielewa jambo hilo. Mwaka 1889, yeye na mama yake kule Caen, walipata barua ya Askofu wa Nagasaki aliyehitaji musaada kwa ajili ya waseminari wake. Kazi iliyozaliwa na barua ile haikuitwa kwa jina la Nagasaki, wala la Caen, wala la Bigard. Ilipewa jina la Mutakatifu Petro Mutume, kwa ajili ya mapadri wa kila inchi. Wengi wetu tumesoma kwa musaada wa jina hilo. Mimi ninasema asante, hata kwa maharagwe ya siku ya tano.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Sitataja parokia, maana wenye kuumizwa wangali hai.

Nilikuwa padri kijana, musaidizi. Wamama wa parokia walikuwa wakipeleka mahindi na mihogo yao kusagwa mbali, masaa matatu ya kutembea kwa miguu, na wengine walinyangʼanywa njiani. Wakakutana, wakaniambia: Padri, utuandikie barua, tunataka mashini ya kusaga. Walichanga wenyewe sehemu yao, maana wafazili wanapenda kuona sehemu ya wenyeji: kila mama debe moja la mahindi. Nikakaa kuandika. Nilikuwa nimetoka katika semina moja ya siku tano juu ya kuandika mipango, kichwa changu kimejaa maneno mapya kama kapu la soko. Neno mashini lilionekana kwangu kuwa neno la chini. Nikaandika kichwa, kwa Kifaransa kizuri sana, ambacho kwa Kiswahili kinasema: Kusindikiza wamama wa mashamba katika njia ya kujitegemea.

Feza ilikuja. Lakini ilikawia, na bei ya mashini ilikuwa imepanda. Padri Mukubwa, ambaye hakuwa mwizi, nasema hivyo mbele ya Mungu, alitazama karatasi ya malipo. Juu yake hakukuwa na neno mashini. Kulikuwa na kusindikiza. Motokari ya parokia ilikuwa imevunjika. Na je, motokari haisindikizi wamama? Inawapeleka sokoni, inawapeleka hospitali. Motokari ilitengenezwa. Feza iliyobaki ililipa mafundisho ya siku tatu juu ya kujitegemea, pamoja na chakula. Ripoti ilikwenda, na wafazili walishukuru, maana kila risiti ilisemezana na kichwa. Hakuna aliyesema uongo hata mara moja.

Mama mumoja muzee, aliyechanga debe lake kama wengine, alikuja kwangu kisha Misa. Aliniuliza: Padri, mashini yetu iko wapi? Nikaanza kumueleza habari ya bei, na motokari, na mafundisho. Akaniuliza: Katika barua, uliandika mashini? Nikamuambia kwamba niliandika, ndani, katika ukurasa wa nne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: Basi wao walisoma ya juu. Akachukua kapu lake, akaenda. Sikupata jibu siku ile, na sijalipata bado.

Tangu pale nimekuwa na kipimo kimoja tu cha kuhukumu kichwa cha mupango, na ninakitoa hapa kwa matumizi ya wote. Kigeuze katika Kiswahili cha kapela, kisha ukisome siku ya Mungu, wakati wa matangazo. Kama watu wanaelewa ni kitu gani kitakachokuja, kitawekwa wapi na ni cha nani, kichwa ni kizuri, na ukipeleke. Kama wanatazamana, usikipeleke, hata kama Kifaransa chake kingemufurahisha mwalimu wako wa retorika.

Nimefanya jaribio hilo mara nyingi. Kulikuwa na mupango wenye kichwa hiki, nakigeuza neno kwa neno: Kuimarisha uwezo wa wahusika wa utume wa musingi. Nilimuuliza mwalimu wa dini mumoja, mutu mwenye akili, wa miaka 30 katika kazi, maana yake ni nini. Alifikiri, akaniuliza: Padri, tunajenga nyumba gani? Alisikia neno musingi, akaona mawe na simenti. Mupango wenyewe uliomba kinga kwa ajili yake yeye na wenzake. Alikuwa ndiye muhusika wa musingi, na hakujitambua.

Ninajua jibu ambalo wengine wanaliandaa. Watasema: wewe unazungumuza kama mutu wa zamani. Wafazili wana maneno yao. Mwaka huu wanapenda hali ya hewa, mwaka ule walipenda amani, kabla yake walipenda wamama. Mwenye kuandika mashini ya kusaga atatupwa, na mwenye kuandika maneno yao atapewa. Jibu hili si la kijinga, na sitalizarau. Ni kweli kwamba musomaji wa ngambo anapaswa kujua barua yako ni ya meza gani, na wakati mwingine neno lake ndilo linaloifikisha kwenye meza hiyo. Lavigerie naye alitumia neno lililomuhangaisha musomaji wake. Lakini alilitumia kumuleta kwenye Injili, si fasi ya Injili. Weka neno la wafazili, kama linahitajiwa, lakini nyuma: Mashini ya kusaga bunga kwa wamama wa kapela tano, kwa ajili ya kujitegemea kwao. Hapo musomaji wa ngambo anaona meza yake, na mama muzee anaona mashini yake, na Padri Mukubwa hawezi kuona motokari.

Tena nimesoma majibu yenye kukataa, mengi kuliko niliyotaka. Wakati walipotoa sababu, sikumbuki hata moja iliyosema kwamba kichwa kilikuwa wazi mno. Walisema hawakuelewa kazi yenyewe ni ipi. Walisema hesabu hailingani na jambo. Walisema jambo ni kubwa kuliko parokia. Hili la mwisho linastahili neno. Kuna ndugu wanaoandika vichwa vya kumaliza: Kumaliza njaa katika teritware yetu, Kukomesha ujinga wa vijana. Feza waliyoomba inatosha mifuko 40 ya mbegu. Ni mutu gani atakayeandika ripoti ya kichwa hicho kisha mwaka mumoja? Ataandika kwamba njaa imekwisha, na hapo atasema uongo. Ao ataandika kwamba haijakwisha, na hapo ataonekana kuwa ameshindwa, ijapokuwa mbegu zote ziliota vizuri.

Vichwa vya machozi navipita haraka, maana vinanikasirisha. Yatima, njaa, kifo, vyote katika mustari mumoja, na mara nyingine picha chini yake. Mutu anayeandika hivyo asome kichwa chake mbele ya yatima wenyewe, akiweza.

Nimalize na barua ya Fratri mumoja, kwa sababu ni ya juzi tu. Alikuwa katika mwaka wake wa mazoezi, na Padri Mukubwa wake alimupa kazi ya kuandika mupango. Alinipelekea kurasa sita zenye hesabu safi na ramani ya kapela iliyochorwa kwa mukono, kazi ya kupendeza. Juu yake aliandika: Kuhuisha nguvu za uinjilishaji wa karibu. Nilimurudishia pamoja na mustari mumoja wa wino mwekundu: Ni nini kitakachoshushwa katika motokari siku ile? Alijibu kwa unyenyekevu, lakini nilisikia kwamba amekasirika kidogo, na haizuru. Kichwa kilirudi hivi: Kinga 12 kwa walimu wa dini wa kapela za milimani, ili wafike kila siku ya Mungu.

Padri Mukubwa alikubali kujaribu. Siku ya Mungu iliyofuata, mwalimu mumoja alikisoma kanisani kwa Kiswahili, kisha matangazo ya ndoa. Watu walielewa mara moja, maana kabla hajakunja karatasi, muzee mumoja wa nyuma alisimama akauliza kwa nini ni 12, na kapela za milimani ziko 14, na ni nani aliyezihesabu. Fratri alirudi kwenye ramani yake. Muzee alikuwa na haki. Barua ilikawia siku 9 kwa sababu ya swali hilo, na hesabu yote ilipaswa kufanywa upya.